Kabla ya Kupiga Windows

Msikilizaji, ukipeleka laptopu kwa fundi ukamwambia inawaka lakini kioo ni cheusi tii, kuna jibu moja lililozoeleka mno mijini kwetu: "Hii tuipige Windows." Unaiacha, unarudi kesho yake, unaikuta inawaka vizuri na haina hata faili lako moja. Tasnifu ya mwanafunzi imekwenda. Hesabu za duka za miaka mitatu zimekwenda. Picha za marehemu mama hazipo. Ninayo maoni makali juu ya mazoea haya, na leo nayasema wazi: kufuta diski ya mtu kabla ya kujua kioo chake kimekuwa cheusi kwa sababu gani ni dhuluma.

Sababu yangu ni hii. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, Windows haiji mwanzo. Kwanza mashine inajikagua yenyewe: inatafuta rami, yaani kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, inaamsha kioo, inaonesha nembo ya mtengenezaji. Hapo ndipo Windows inaitwa kutoka kwenye diski. Kwa hiyo kama kioo ni cheusi tangu ulipobonyeza na nembo haijatokea kabisa, mara nyingi tatizo liko kabla ya Windows, na kuipiga upya ni kutibu kiungo kisichouma. Fundi mzuri, na tunao wengi, swali lake la kwanza ni hilo: nembo ilitokea au haikutokea?

Tuanze na isiyoonesha nembo. Chomoa chaja, chomoa flashi, kipanya na kila kilichochomekwa. Kama betri inatoka, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa nusu dakika bila kuachia, ili umeme uliobaki ndani uishe. Kisha chomeka chaja na uwashe. Kwetu umeme unakatika na kurudi kwa kishindo, na laptopu nyingi hukwama hivyo. Zipo zinazoamka kwa hatua hii peke yake, bila senti tano kutoka mfukoni.

Haikuamka? Bonyeza Caps Lock. Taa yake ndogo ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, mashine iko hai na huenda inafanya kazi zake zote gizani, tatizo ni kioo tu. Sasa subiri giza liingie au ufunge mapazia, chukua tochi ya simu, imulike kwenye kioo kwa upande, karibu kabisa. Angalia kwa makini. Ukiona maandishi hafifu au kivuli cha picha ya mbele, umepata jibu: kioo kinachora picha kama kawaida, ila taa inayokaa nyuma yake haiwaki. Hapo chomeka waya wa HDMI kwenye televisheni ya sebuleni, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P ubadilishe mahali pa kuonesha, na kazi zako utaziona pale zote, hazijaguswa.

Na hata hapo usikubali haraka kuuziwa kioo kipya. Kati ya kioo na mazabodi kuna waya mwembamba unaopita kwenye bawaba, pale mfuniko unapokunjwa. Kila ukifungua na kufunga, waya ule unakunjwa nao. Laptopu nyingi tunazonunua ni zilizokwisha kutumika maofisini huko Ulaya na Dubai. Zimefunguliwa na kufungwa miaka kadhaa kabla hazijatufikia. Dalili ya waya huo kuchoka ni picha inayokuja na kupotea unaposogeza mfuniko taratibu. Waya huo kwa kawaida ni rahisi kuliko kioo kizima, kwa hiyo mwombe fundi aujaribu kwanza, tena mbele yako.

Kuna pia suala la sumaku, ambalo wengi hawalijui. Laptopu nyingi hutambua mfuniko umefungwa kwa kuhisi sumaku ndogo. Bangili ya sumaku mkononi, au kava la simu lenye sumaku likiwekwa pembeni ya vitufe, linaweza kuidanganya ikazima kioo huku umeifungua.

Kama Caps Lock haijibu kitu, mshukiwa wa kwanza ni rami. Mashine zenyewe husema: HP nyingi humemetesha taa ya Caps Lock kwa hesabu maalumu, na Dell nyingi hutumia taa ya chaji, ambapo mara 2 rangi ya chungwa na mara 3 nyeupe maana yake rami haionekani. Huku pwani unyevu na hewa ya chumvi hushika zile shaba za rami. Fundi anaichomoa, anazisugua taratibu kwa raba ya penseli, anapangusa vumbi, anairudisha mpaka isikike "tak". Betri iwe imeshakatwa, na mkono uguse chuma kwanza. Ni kazi ya dakika chache, na inashangaza ni mara ngapi inatosha.

Sasa, ikiwa nembo ilitokea kisha ndipo giza likaingia, hapo kweli Windows inahusika. Lakini kuhusika si kufutwa. Izime kwa kushikilia kitufe pale inapoanza kuwaka, rudia mara mbili au tatu, na Windows 10 au 11 itafungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Pale unaweza kuondoa sasisho lililoleta balaa, au kuiwasha katika Safe Mode, yaani kwa vile vya lazima tu. Na ikishindikana yote, diski kwenye laptopu nyingi inatoka kwa skrubu chache, inatiwa kwenye kasha la USB, mafaili yananakiliwa, ndipo Windows ipigwe. Mwambie fundi maneno haya kabla hujamkabidhi mashine, na yaandikwe kwenye risiti: asifute kitu bila ruhusa yako.

Wewe ambaye laptopu yako ni nzima usiku huu, una kazi moja. Laptopu nyingi za sasa hufunga diski kwa BitLocker, wakati mwingine mwenyewe bila habari. Diski hiyo ikichomekwa kwenye mashine nyingine haifunguki bila ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ingia leo wakati kioo kinaonesha, uunakili kwenye karatasi, karatasi uiweke pamoja na vyeti vyako.