ALIYETELEZA ASIFUNGIWE MLANGO

Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali, masheha na wananchi juu ya msaada kwa mtu aliyerejea katika dawa za kulevya baada ya kuacha

Katika mitaa ya mjini na vijiji vya shamba, Unguja na Pemba, wapo wazazi wengi waliowahi kupokea habari njema kwamba kijana wao ameacha unga. Habari hiyo hupokewa kwa shukrani kubwa. Kijana hurudi nyumbani akiwa amenawiri, hukaa na ndugu zake katika chakula, huonekana msikitini, na hupewa tena ufunguo wa mlango. Miezi mitatu hupita, minne, pengine saba. Kisha siku moja fedha za umeme hazionekani mahali zilipowekwa, na usiku ule kijana huingia ndani kimya, macho yamelegea na ulimi mzito. Nyumba nzima hufahamu kabla hajasema neno. Ndipo mmoja wa wakubwa hutamka hukumu: "Huyu haponi tena. Na atoke."

Makusudio ya mazungumzo haya ni kueleza kwa nini hukumu hiyo, ingawa imetokana na uchungu wa kweli, humsogeza kijana karibu na kaburi. Na kueleza ni msaada gani unaomfaa mtu aliyerejea, kutoka kwa nani, na kwa wakati gani.

MARADHI YENYE TABIA YA KURUDI

Wataalamu wa tiba wanayahesabu mazoea ya dawa za kulevya kuwa ni maradhi ya muda mrefu, yanayoathiri ubongo, mwili na mwenendo wa mtu. Mwaka 2000 wataalamu wanne wa Marekani, wakiongozwa na Thomas McLellan, walichapisha uchambuzi ulioyalinganisha maradhi haya na kisukari, shinikizo la damu na pumu. Ilionekana kwamba katika mwaka wa kwanza baada ya matibabu, watu 40 hadi 60 katika kila 100 walirejea kutumia. Idadi hiyo haikuwa kubwa kuliko ya wagonjwa wa shinikizo la damu au pumu ambao hali zao hurudi kuwa mbaya kwa kuacha dawa au kukiuka masharti.

Hapana budi kulizingatia jambo hilo. Mzee ambaye shinikizo lake limepanda kwa kula chumvi hukemewa, lakini hupelekwa hospitali siku ile ile. Hapana anayesema kwamba matibabu ya mwanzo yalikuwa kazi bure. Kusema hivi si kumhalalishia mtumiaji kosa lake. Mgonjwa wa shinikizo naye analo jukumu la kuacha chumvi. Tofauti ni kwamba yeye hulitimiza jukumu lake akiwa na watu, na kijana wa unga aghalabu hutakiwa alitimize akiwa peke yake.

Aidha, kurejea hakuanzi na kete ya kwanza. Huanza wiki kadhaa kabla. Kijana huacha kuhudhuria mikutano ya wenzake walioacha. Hupitia maskani ya zamani kwa kisingizio cha kuwasalimia watu. Usingizi humpotea, hugombana kwa jambo dogo, na siku ya mshahara huwa na haraka isiyoelezeka. Mwenye macho huziona dalili hizo, na neno moja la upole wakati huo huokoa mengi.

KISIWA NI KIDOGO

Mwaka 1971 Serikali ya Marekani ilimkabidhi mtaalamu Lee Robins kazi ya kuwafuatilia askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Askari mmoja katika kila watano hivi alikuwa amekuwa mtumwa wa heroini huko vitani. Ilitarajiwa kwamba wangeendelea nayo kwao, lakini miongoni mwa hao, ni takriban 5 katika kila 100 waliorudia utumwa huo katika mwaka wa kwanza. Sababu moja iliyotajwa ni kwamba walikuwa wamepaacha mbali mahali, marafiki na wauzaji waliowazoesha.

Kijana wa visiwani hana bahari ya namna hiyo ya kuvuka. Akitoka katika matibabu hurudi katika nyumba ile ile, mbele ya uchochoro ule ule, na anayemuuzia humpita kila siku akimwita kwa jina lake la utani. Kwa kuwa mahali hapabadiliki, hapana budi watu wanaomzunguka ndio wabadilike. Kazi iliyofanywa na umbali kwa askari wale, hapa hufanywa na jamaa, jirani, mkuu wa kazi na mwenzake aliyekwishaacha.

SAA ZA MWANZO NDIZO ZA HATARI

Ichukuliwe mfano wa fundi seremala aliyekaa miezi saba bila ya kugusa unga. Zamani mwili wake ulikuwa umezoea kiasi kikubwa. Katika miezi ile saba mazoea hayo yameondoka, na mwili umerudi kuwa kama wa mtu mgeni. Yeye lakini anakumbuka kipimo chake cha zamani. Akikitumia kipimo hicho, pumzi hupungua, na huweza kukatika kabisa. Hii ndiyo sababu vifo vingi vya unga huwapata watu waliotoka karibuni kizuizini, hospitalini au katika nyumba za matibabu.

Sasa afikiriwe fundi huyo akiwa amefukuzwa nyumbani usiku. Hana pa kulala, ameaibika, na nafsi inamwambia kwamba maadamu miezi saba imekwisha kuharibika, hakuna kilichobaki cha kulinda. Atatumia tena, na atatumia mahali pa kujificha, katika gofu au chooni, ambapo pumzi ikikatika hapana wa kumwona. Wahenga wamesema kwamba mficha maradhi kifo kitamuumbua. Lakini mara nyingi mgonjwa huyo hufichika kwa sababu waliomzunguka wamemfungia kila pahala pa kujidhihirisha.

Yampasa kila mtu kuzijua dalili za aliyezidiwa: haamki anapoitwa wala anapotikiswa, pumzi ni za mbalimbali au zina mkoromo, midomo na kucha zimegeuka rangi, na mboni za macho zimekuwa ndogo mno. Mtu huyo apelekwe hospitali mara moja. Wakati usafiri unatafutwa, apewe pumzi kwa mdomo ikiwa zake zimepotea. Akiwa anapumua, alazwe ubavu ili asipaliwe na matapishi. Kumnywesha maziwa, kumwagia maji na kumpiga makofi si tiba. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayorudisha pumzi kwa haraka, lakini nguvu yake huisha baada ya muda mfupi, hivyo aliyezinduka kwa dawa hiyo bado anahitaji kuangaliwa na mganga.

DAKTARI WA MJI WA AKRON

Nyumba za upataji nafuu visiwani Zanzibar zilianza mwaka 2009, na mwendo unaofuatwa katika nyingi miongoni mwake ni ule wa hatua kumi na mbili. Asili ya mwendo huo ni Marekani, miongoni mwa watu waliokuwa wakipambana na ulevi wa pombe, na kisa cha kuanza kwake kina mafunzo kwa jambo hili hasa.

Mwezi wa Mei 1935, mfanyabiashara mmoja wa New York, Bill Wilson, alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Alikuwa ameacha pombe kwa miezi mitano tu. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, naye alisimama katika ukumbi wa hoteli, akisikia sauti za watu waliokuwa katika baa. Badala ya kuingia, alikwenda kwenye simu akapiga kwa mtu baada ya mtu asiyemjua, akiuliza kama yuko mlevi yeyote ambaye angeweza kuzungumza naye. Hatimaye alikutanishwa na Robert Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa ameharibikiwa na pombe kwa miaka mingi. Wakazungumza kwa saa nyingi, na daktari akaacha.

Wiki chache baadaye daktari huyo alisafiri kwenda Atlantic City katika mkutano wa madaktari, na huko akanywa tena. Alirudi Akron akiwa taabani. Mkewe na Wilson hawakumfungia mlango. Walimpokea, wakamuuguza kwa zamu, na hawakumwacha mpaka alipoweza kwenda kufanya upasuaji aliokuwa ameuahidi. Siku hiyo alikunywa pombe kwa mara ya mwisho, na hakuigusa tena hadi alipofariki Novemba 1950. Katika miaka hiyo 15 aliwasaidia maelfu ya wengine.

Chama walichokianzisha huhesabu kuzaliwa kwake tangu tarehe 10 Juni 1935. Hiyo si siku wawili hao walipokutana, wala siku daktari alipoacha mara ya kwanza. Ni siku aliyosimama baada ya kuanguka.

YAPASAYO KUTENDWA

Kwanza, yeye mwenyewe aliyerejea. Asisubiri mpaka awe safi ndipo aseme. Amwambie mtu mmoja siku ile ile, na aliye bora kwa hilo ni mwenzake aliyekwishaacha kwa muda mrefu, kwani huyo hatashtuka wala hatahubiri. Ikiwa alitumia sindano ya mtu mwingine, afike hospitali haraka iwezekanavyo, kwa sababu dawa za kujikinga na virusi vya UKIMWI zina faida zikianzwa kabla ya saa 72. Akiwa pamoja na unga amezoea pombe au vidonge vya usingizi, asiviache ghafla bila ya mganga, kwani kuviacha hivyo huweza kuleta kifafa. Arosto ya unga peke yake ni mateso makubwa, lakini kwa kawaida kilele chake ni siku ya pili au ya tatu, na kwa wiki moja hivi maumivu makali huwa yamepungua.

Pili, jamaa. Kumpokea si kumlipia. Asipewe fedha mkononi, wala wizi wake usifunikwe. Apewe chakula, mahali pa kulala panapoonekana na watu, na mtu wa kumsindikiza kwenye matibabu asubuhi. Maswali yanayofaa usiku ule ni machache: umetumia nini, kiasi gani, saa ngapi, umechanganya na nini? Swali la kwa nini ameitia nyumba aibu liahirishwe. Litapata siku yake.

Tatu, wasimamizi wa nyumba za upataji nafuu. Inaeleweka kwamba aliyetumia hawezi kuachwa huru miongoni mwa wenzake, kwani naye huwa mtihani kwao. Lakini anayeondolewa asiondolewe usiku bila ya mahali pa kwenda. Akabidhiwe mkononi mwa mtu, nyumbani au hospitalini, na aelezwe siku atakayoweza kurudi.

Nne, huduma za tiba. Katika Hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, tiba ya methadoni ilianzishwa mwaka 2015, baada ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili kuanza mwaka 2011. Dawa hiyo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, nayo huzuia arosto na kumwezesha mtu kufanya kazi. Aliyekosa kunywa kwa siku kadhaa aeleze ukweli anaporudi, kwa sababu kupewa kipimo chake cha zamani wakati mazoea yamepungua ni hatari. Vile vile asichanganye methadoni na unga, pombe au vidonge vya usingizi. Anayekiri asikemewe dirishani mbele ya foleni. Akikemewa, kesho yake atasema uongo, na uongo huo huweza kumuua.

Tano, wakuu wa kazi na masheha. Mtumishi anayekuja mwenyewe kueleza kwamba amerejea na anataka matibabu asikilizwe faraghani na aelekezwe hospitali kama mgonjwa mwingine yeyote, na siri yake isitembezwe ofisini. Asiyekuwa na pa kueleza hatanyamaza kwa kuwa amepona. Atanyamaza mpaka fedha za ofisi zipotee. Na sheha anayemjua kila mtu katika shehia yake aweza kuwa wa kwanza kumwambia mzazi ni wapi pa kwenda, kabla mzazi hajaufunga mlango.

HITIMISHO

Ndugu wananchi, wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Fundi seremala wa mfano wetu ana miezi saba ya kuacha. Miezi hiyo haikufutika kwa usiku mmoja. Ndani yake alijifunza kuamka bila ya unga, kupokea ujira na kuufikisha nyumbani, kuomba msamaha. Hayo anayo bado, na ndiyo atakayoanzia.

Jambo linaloweza kuyafuta yote ni kifo, na kifo hicho hupenda mahali palipofungwa. Kwa hiyo mzazi atakayegongewa usiku na mwana aliyeteleza, na afungue. Hasira ni haki yake, na nasaha zitakuja. Lakini alfajiri ikimkuta kijana yu hai na yu ndani, kazi ya kesho itakuwa na mtu wa kuifanya.