Mawe Ghafi na Fedha ya Wanachama



Vijana wetu wauliza: kwa nini chama kisinunue vito ghafi vya Tunduru, tukawauzie watu wa ng'ambo wanaokata mawe kwa kujifurahisha? Swali ni jema. Lakini kahawa twaiamini mizani. Jiwe lataka jicho. Gramu moja ni karati 5, na fundi alikatapo, mara nyingi zaidi ya nusu huwa vumbi. Ufa mmoja ndani, bei imekwisha.

 Tena ipo sheria ya 2017, nayo yazuia madini ghafi kupelekwa nje kuchakatwa. Basi twashauri vijana wawili wapelekwe Kituo cha Jemolojia, Arusha, wakajifunze kukata. Hadi watakaporudi, fedha ya wanachama isinunue hata kokoto.