Kila Lengo na Msimu Wake

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa familia, Guangzhou, baada ya kufungwa kwa Maonyesho ya Canton ya msimu wa vuli)



Kwanza kabisa sina budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana tena, wengine tukitoka hapa hapa Xiaobei na Sanyuanli, wengine wakisafiri kutoka Yiwu, na wengine wakivuka bahari kutoka Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na Maskati. Pili, naishukuru Kamati kwa kunipa heshima ya kusema machache. Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kujiwekea malengo. Nilipolikubali ombi hilo nilijua kwamba sitalitimiza kwa uaminifu bila kuungama kosa langu mwenyewe. Basi mtaniwia radhi nikianza mbali kidogo.

Babu yetu, ambaye wengi wetu tulioketi hapa ni wajukuu na vitukuu wake, alikuwa nahodha wa jahazi. Hakuwa na kalenda ya ukutani. Alikuwa na hesabu ya Nairuzi, kama walivyokuwa nayo mabaharia na wakulima wa pwani yetu tangu zamani. Watu hao waliuhesabu mwaka wa jua kuanzia siku ya Mwaka, ile ambayo ndugu zetu wa Makunduchi huisherehekea mwezi wa Julai hadi leo, wakazigawa siku zake katika makundi ya siku kumi kumi yaitwayo miongo. Miongo 36 hutimiza siku 360, na siku chache zinazobaki huufunga mwaka. Kwa hesabu hiyo mkulima alijua wakati wa kupanda, na nahodha alijua wakati wa kutweka tanga.

Sikupata kumsikia Babu akisema, "Mwaka huu nitasafiri." Alisema atasafiri mwongo gani. Kaskazi ikivuma, baina ya Desemba na Machi, ndipo majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yaliposhuka kuja kwetu; na kusi ilipoanza kuvuma, ndipo yalipopata upepo wa kurudia. Kusi ilipokuwa kali, katika Juni na Julai, bahari ilifungwa. Babu alilipandisha jahazi pwani, akalitia kalafati, akalipaka sifa, akashona matanga. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza kwa nini hafanyi kazi. Akanijibu kwamba safari ya Desemba ameshaianza, ila mimi sijaiona.

Ndugu zangu, jibu hilo nililisahau kwa muda mrefu, nami nililipia usahaulifu wangu.

Mnajua kwamba kazi yangu katika mji huu ni uwakala. Huwapokea wafanyabiashara kutoka nyumbani, huwatembeza madukani na viwandani, huwatafsiria, huwakagulia mizigo, nao hunilipa ujira wangu. Mwishoni mwa mwaka 2023 nilijiwekea malengo matatu, nikayaandika katika daftari jipya: nitafanya biashara yangu mwenyewe; nitamlipia ada binti wa dada yangu anayesomea uuguzi; nami nitakwenda nyumbani kuwaona wazee. Malengo mema yote matatu. Hapana hata moja nililoliandikia tarehe.

Tarehe 20 Januari 2024 nilitoa arbuni kwa kiwanda kimoja, nikaagiza nguo za watoto za sikukuu. Idi ya Mfunguo Mosi ilikuwa iangukie tarehe 10 Aprili, nami nikaona nina nafasi ya kutosha, karibu miezi mitatu. Sikuhesabu kwamba Mwaka Mpya wa Kichina ungeangukia tarehe 10 Februari. Nyote mnajua mambo yanavyokuwa: wafanyakazi wa viwandani ni watu wa mikoa ya mbali, na wiki moja au mbili kabla ya sikukuu huanza kufungasha. Nguo zangu zilikuwa zimekatwa lakini hazijashonwa. Mafundi walirejea baada ya Sikukuu ya Taa, tarehe 24 Februari, tena si wote. Mzigo ulikamilika katikati ya Machi, nao ulikuwa na mwendo wa zaidi ya mwezi mmoja baharini. Ulipofika Dar es Salaam, Idi ilikuwa imepita, na watoto walikuwa wamekwisha kuvaa nguo walizonunuliwa na watu wenye hesabu nzuri kuliko yangu.

Nusu ya nguo zile niliziuza kwa hasara. Zilizobaki nilizihifadhi hadi Idi ya Mfunguo Tatu, mwezi wa Juni, zikatoka kwa bei ya kuridhisha. Lakini ada haikungoja Juni. Nilikuwa nimemwahidi binti yetu kwamba faida ya Idi ndiyo ada ya muhula wake. Muhula ulipofika mwisho alikuwa hajalipiwa, hakuruhusiwa kufanya mtihani, na ikambidi aurudie mwaka. Nilipompigia simu kumwomba radhi aliniambia, "Mjomba, usijali." Maneno mawili hayo ni mazito kuliko lawama yoyote niliyopata kuisikia. Walisema wahenga: mchuma janga hula na wa kwao. Leo anaendelea na masomo, mwaka mmoja nyuma ya wenzake, na mwaka huo niliompotezea ni mimi.

Nawaombeni msiseme kwamba nilikosa bidii. Katika miezi ile nililala saa chache kuliko wakati wowote maishani mwangu. Nilichokosa ni hesabu ya msimu. Lengo langu lilikuwa na kitu na kiasi, lakini halikuwa na wakati.

Na ajabu ni kwamba nilikosea katika mji ambao kwa karne nyingi umeishi kwa misimu. Wale tunaosali Msikiti wa Huaisheng tunauona mnara wake mrefu, Guangta, ambao husimuliwa kwamba zamani uliwaongoza mabaharia. Tangu enzi ya Tang, wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiajemi walikaa katika mji huu wakiungoja upepo. Waliondoka wakati wa baridi kwa upepo wa kaskazini, na wengine wakaja wakati wa joto kwa upepo wa kusini. Wenyeji nao wana hesabu yao. Kalenda za ukutani za Kichina huonyesha vipindi 24 vya mwaka wa jua, kila kimoja siku 15 hivi, vyenye majina kama Guyu, yaani mvua ya nafaka, mwezi wa Aprili. Mwaka 2016 UNESCO iliiandikisha hesabu hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Nilipojifunza maana yake nilicheka peke yangu, kwani ni miongo ya Babu kwa jina jingine.

Sisi tunaoishi hapa tunatembea juu ya kalenda kadhaa kwa pamoja. Ipo ya Januari hadi Desemba, tunayolipia pango na viza. Ipo ya Hijra, ambayo mwaka wake ni mfupi kwa siku 11 hivi, na kwa hiyo Ramadhani husogea nyuma kila mwaka. Ipo ya Kichina, ambayo hufuata mwezi lakini huongezewa mwezi wa ziada mara saba katika kila miaka 19, ili sikukuu zake zisitoke katika majira yake. Kwa sababu hiyo umbali baina ya Mwaka Mpya wa Kichina na Idi haufanani mwaka hadi mwaka. Mwaka 2019 ulikuwa miezi minne. Mwaka 2024 ulikuwa miwili tu. Anayeagiza mali kwa mazoea ya mwaka uliopita anasafiria nyota ya mwenzio, na wahenga walitukataza.

Baada ya msiba ule nilikaa nikaugawa mwaka wangu wa Guangzhou kama Babu alivyougawa wake. Nitawaeleza nilivyoona, si kwa kuwa mimi ni mwalimu, bali kwa kuwa nimelipa ada ya somo hili.

Msimu wa kwanza na wa tatu ni ya mavuno. Maonyesho ya Canton, yaliyoanza mwaka 1957, hufunguliwa tarehe 15 Aprili na tarehe 15 Oktoba, kwa awamu tatu kila mara. Wakati huo wateja hutujia, na ujira wetu huingia. Tulionja uchungu wa kuyakosa tangu mwaka 2020, yalipofanywa kwa njia ya mtandao kwa sababu ya ugonjwa, mpaka wateja waliporudi kwa wingi katika majira ya kuchipua ya mwaka 2023. Wakati wa mavuno si wakati wa kuanza jambo jipya. Ni wakati wa kuvuna na kuweka akiba kabla mkono haujazoea fedha.

Msimu wa pili ni wa joto, Juni hadi Agosti. Wateja wangu hupungua, tufani hupiga, na mtu hutoka jasho akiwa amekaa. Zamani niliuona ni wakati wa hasara. Sasa ndiyo kusi yangu, wakati wa kupandisha jahazi pwani. Mara tatu nilikuwa nimejaribu kujifunza kusoma Kichina, kila mara nikianza Januari, na kila mara nikishindwa Aprili wateja wanapoingia. Mwaka 2024 nilianza Juni. Nilijiwekea herufi tano kwa siku, yaani hamsini kwa mwongo. Kufikia mwisho wa Septemba, miongo 12 baadaye, nilikuwa na herufi 600. Si elimu kubwa, lakini sasa najua kusoma tarehe ya kukabidhi mali katika mkataba kabla sijatia sahihi.

Msimu wa nne ni wa baridi. Novemba na mwanzo wa Desemba ndio mwisho wa kuagiza kwa usalama mali inayotakiwa kutoka kiwandani kabla ya sikukuu. Masoko ya maua yanapopangwa na miti ya machungwa madogo inapowekwa milangoni, mlango wa kiwanda umekwisha kufungwa. Baada yake huja unyevu wa Februari na Machi, kuta zinapotoa jasho, na viatu vya ngozi ghalani huota ukungu. Mwenye mali na aitoe mapema.

Najua wapo vijana wanaosema moyoni: zama hizi ni za ndege na simu, misimu ya nini tena? Wanangu, ndege haiungoji kaskazi, ni kweli. Lakini fundi cherehani huungoja Mwaka Mpya ili amwone mama yake, na tufani huifunga bandari bila kuuliza umebeba simu gani. Wala sisemi kwamba kila jambo lina msimu. Mgonjwa hauguzwi kwa kalenda, maiti haingoji, na mzazi akikuita unakwenda. Ndiyo maana yale yanayoweza kupangwa yapasa yapangwe, ili mkono uwe mtupu wa kazi siku litakapotokea lisilopangwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nina mapendekezo matatu.

La kwanza ni letu sote, mmoja mmoja. Kila aandikaye lengo aanze na siku ambayo jambo hilo litatakiwa liwe limeiva, kisha ahesabu kurudi nyuma: siku za baharini, siku za kiwandani, siku za sikukuu, mpaka afike siku ya kuanza. Akikuta siku ya kuanza imekwisha kupita, basi lengo hilo ni la mwaka ujao, na si aibu kuliahirisha.

La pili ni la mfuko wetu wa elimu. Mweka Hazina ni shahidi kwamba tumezoea kuahidi michango Januari, fedha zetu zote zikiwa zimelala ndani ya mali, na kwamba ahadi nyingi huishia daftarini. Naomba michango iwe Mei na Novemba, mara Maonyesho yanapofungwa. Ya Novemba itawahi shule zinapofunguliwa nyumbani mwezi wa Januari. Ya Mei itawahi wanaoingia kidato cha tano mwezi wa Julai. Mimi nimekwisha kutoa wangu wa Novemba asubuhi ya leo, pamoja na deni la mwaka ule.

La tatu ni la kurudi nyumbani. Wengi wetu tumekuwa tukisema "mwakani" kwa miaka saba, minane. Viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa kila Mwaka Mpya wa Kichina, nasi hukaa hapa tukiyatazama maduka yaliyofungwa. Wakati huo ndipo kaskazi inavuma kule kwetu, upepo uleule ulioyaleta majahazi pwani. Na tuufanye kuwa msimu wetu wa kwenda kuwaona wazee, maadamu wazee wenyewe wangalipo. Tikiti yangu ninayo mfukoni, na safari hii nimeiandikia tarehe.

Mwenyezi Mungu aibariki Jumuiya yetu, awarehemu waliotutangulia, na atukutanishe tena Novemba ijayo tukiwa hai na wenye afya.

Wabillahi tawfiq.