Vikwazo vya Kubadilisha Sarafu Kuu ya Akiba Duniani: Funzo la Pauni na Hatima ya Dola

1. Sarafu ya akiba na kazi zake

Sarafu ya akiba ni fedha ya nchi moja ambayo benki kuu za nchi nyingine huihifadhi ili kulipia bidhaa za nje, kulipa madeni na kutetea thamani ya sarafu zao wenyewe. Tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kazi hiyo imefanywa kwa sehemu kubwa na dola ya Marekani. Kwa takwimu za Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), dola ilikuwa takriban asilimia 71 ya akiba za fedha za kigeni mwaka 1999. Kufikia 2024 ilikuwa imeteremka chini ya asilimia 60. Euro inaifuata kwa takriban asilimia 20, na yuan ya China haijafika asilimia 3. Katika masoko ya kubadilisha fedha dola imetawala zaidi: mwaka 2022 ilihusika katika asilimia 88 ya miamala yote.

Utawala huo una manung'uniko yake. Marekani hukopa kwa masharti nafuu kuliko ambavyo ingekopa kama dola ingekuwa sarafu ya kawaida. Riba ikipandishwa Washington, mzigo wa madeni huongezeka Nairobi, Accra na Colombo. Februari 2022 nchi za Magharibi zilizuia akiba za Urusi zinazokadiriwa kufikia dola bilioni 300, na tangu hapo kila benki kuu imelazimika kujiuliza akiba yake iko salama kiasi gani. Sababu za kutafuta mbadala ni za haki na zinajulikana. Ugumu wa kuupata haujulikani kwa kiwango hicho.

Kiini cha ugumu huo ni kwamba akiba ya benki kuu ni deni la mtu mwingine. Dola zinazotajwa katika hesabu za Benki Kuu ya Kenya au Benki Kuu ya Tanzania ni hati fungani za serikali na amana zilizoko nje, yaani madai ambayo lazima yawe na mdaiwa. Anayetaka kuiondoa dola hana budi kumpata mdaiwa mwingine: mkubwa, mwaminifu, na aliye tayari kudaiwa na dunia nzima kwa miongo mingi.

2. Funzo la pauni

Uchumi wa Marekani uliupita wa Uingereza kwa ukubwa kabla ya karne ya 19 kwisha. Hata hivyo, mfanyabiashara wa New York aliyeagiza kahawa kutoka Brazil mwaka 1910 alilipa kwa hawala ya London iliyoandikwa kwa pauni. Marekani haikuwa na benki kuu, na sheria ilizizuia benki zake za kitaifa kufungua matawi nje ya nchi. Mambo yalibadilika baada ya sheria ya mwaka 1913 iliyounda benki kuu ya Marekani, Federal Reserve, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuigeuza Uingereza kuwa mdaiwa.

Pauni haikuanguka mara moja. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, bado ilikuwa na sehemu kubwa kuliko dola katika akiba za fedha za kigeni, kwa kuwa Uingereza ilikuwa imegharimia vita kwa kukopa kutoka India, Misri na makoloni yake. Dola iliipita katikati ya miaka ya 1950.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Uingereza ilipopewa mkopo wa dola bilioni 3.75 na Marekani, ilikubali sharti la kuwaruhusu wenye pauni kuzibadilisha kuwa dola. Ruhusa ilianza tarehe 15 Julai 1947. Wenye pauni walikimbilia dola kwa kasi hata ikabidi ruhusa hiyo isitishwe tarehe 20 Agosti, baada ya wiki tano tu. Septemba 1949 pauni ilishushwa kutoka dola 4.03 hadi 2.80, na Novemba 1967 ikashushwa tena hadi 2.40. Mwaka 1968 Uingereza ililazimika kuzihakikishia nchi zilizoweka akiba kwa pauni kwamba thamani yake kwa dola italindwa, ili zisiiuze kwa pamoja.

Afrika Mashariki ilikuwa ndani ya historia hii. Shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilifungwa kwa pauni kwa kiwango cha shilingi 20 kwa pauni moja. Kwa hiyo uamuzi wa London mwaka 1949 uliipandisha bei ya dola moja kutoka takriban shilingi 5 hadi zaidi ya shilingi 7 kwa wakati mmoja, bila mtu wa Kisumu, Tanga au Jinja kuulizwa neno. Mwaka 1967, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwa na benki kuu zao, zilikataa kuifuata pauni. Hata hivyo, akiba yoyote iliyokuwa imebaki katika pauni bila kinga ilipoteza takriban asilimia 14 ya thamani yake kwa dola.

3. Nguvu ya mazoea ya soko

Kikwazo cha kwanza kinaonekana katika mnada wa chai wa Mombasa. Chai inayouzwa hapo hutoka Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na nchi jirani, na wanunuzi wakubwa ni pamoja na Pakistan na Misri. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye dola ni fedha yake, lakini bei ya kilo hutajwa kwa dola. Mnunuzi wa Karachi ana rupia, na kiwanda cha Kericho kinahitaji shilingi za kuwalipa wakulima. Soko la kubadilisha rupia kwa shilingi moja kwa moja ni dogo mno, na anayejaribu kulitumia hukatwa sana. Ni nafuu kuuza rupia kwa dola, kisha dola kwa shilingi.

Kila upande hutumia dola kwa sababu upande wa pili unaitumia. Anayehama peke yake hupata hasara, hata kama wote wangefaidika kwa kuhama pamoja. Ndiyo maana mifumo ya malipo kama PAPSS, iliyozinduliwa mwaka 2022 ili Waafrika walipane kwa sarafu zao, inahitaji benki nyingi na biashara nyingi kabla haijawa rahisi kuliko njia ya zamani.

4. Uhaba wa hati salama

Kikwazo cha pili ndicho kikubwa zaidi. Hati za Hazina ya Marekani zilizoko sokoni zina thamani ya zaidi ya dola trilioni 25, na benki kuu inayotaka kuuza za dola bilioni moja hupata mnunuzi siku hiyohiyo bila kuyumbisha bei.

Washindani wa dola hukwama hapa, kila mmoja kwa namna yake. Euro ina uchumi mkubwa nyuma yake, lakini serikali za kanda hiyo hukopa kila moja kwa jina lake. Mgogoro wa Ugiriki ulioanza mwaka 2009 ulionyesha kwamba hati ya Athens na ya Berlin si kitu kimoja. Hati za Ujerumani zinaaminika, lakini ni chache mno kwa mahitaji ya dunia. China ina biashara kubwa na mfumo wake wa malipo wa CIPS ulioanza mwaka 2015, lakini inadhibiti fedha zinazoingia na kutoka. Mwenye akiba hutaka kwanza kujua kama mlango wa kutokea utakuwa wazi siku ya dhiki. Kuufungua mlango huo kungeinyima Beijing uwezo wa kusimamia thamani ya yuan na kuelekeza mikopo ya ndani, mambo mawili ambayo haijakubali kuyaacha.

Dhahabu haina mdaiwa na haiwezi kufutwa na serikali yoyote, ndiyo maana benki kuu nyingi zimekuwa zikiinunua. Lakini haizai riba, na wingi wake hauongezeki kwa kufuata mahitaji ya biashara.

5. Sarafu isiyo na nchi

Njia nyingine ni kuwa na sarafu isiyomilikiwa na nchi yoyote. Katika mkutano wa Bretton Woods wa Julai 1944, uliohudhuriwa na nchi 44, mpango wa Marekani ulioandaliwa na Harry Dexter White ulishinda wazo la Mwingereza John Maynard Keynes la sarafu ya kimataifa aliyoiita bancor. Mwaka 1960 mchumi Robert Triffin alionya kuwa dunia hupata dola za kutosha pale tu Marekani inapoendelea kudaiwa, na kadiri inavyodaiwa ndivyo imani inavyopungua. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Richard Nixon alisitisha ubadilishaji wa dola kwa dhahabu, na onyo hilo likatimia.

Mwaka 1969 IMF ilianzisha akiba isiyo ya nchi yoyote, Haki Maalumu za Kutoa Fedha (SDR). Machi 2009 gavana wa benki kuu ya China, Zhou Xiaochuan, alipendekeza zipewe nafasi kubwa zaidi, na Agosti 2021 zikagawiwa zenye thamani ya dola bilioni 650. Lakini mgao hufuata hisa za wanachama, hivyo nchi tajiri hupata sehemu kubwa. Zaidi ya hayo, mfanyabiashara hawezi kulipia meli ya ngano kwa SDR. Mgao mkubwa nao huhitaji asilimia 85 ya kura, na Marekani peke yake ina zaidi ya asilimia 15, hivyo inaweza kuuzuia.

6. Mkopeshaji wa siku ya dhiki

Mwaka 2008 na tena mwaka 2020, benki duniani kote zilihaha kutafuta dola. Federal Reserve ilizikopesha benki kuu teule dola kwa mikataba ya kubadilishana sarafu, na hofu ikatulia. Sarafu inayotaka kuchukua nafasi ya dola lazima iwe na benki kuu iliyo tayari kufanya hivyo kwa wageni, hata pale wananchi wake wanapouliza kwa nini. Ujerumani na Japani, sarafu zao zilipopata nguvu katika miaka ya 1970, zilisita kuubeba mzigo huo kwa kuhofia mfumuko wa bei na kupanda kwa thamani kutakakoumiza viwanda vyao.

7. Maana yake kwa nchi ndogo

Yote haya yanaelekeza kwenye mabadiliko ya polepole: dola ikipungua, dhahabu na sarafu kadhaa ndogo zikiongezeka, bila mrithi mmoja. Kipindi kama hicho kina hatari yake. Oman na nchi nyingine za Ghuba zilizofunga sarafu zao kwa dola zingeyumba nayo. Kwa Afrika Mashariki hatari ni ya madeni kuwa katika sarafu moja na mapato katika nyingine. Kenya ilipotangaza mwaka 2025 kubadilisha mikopo ya reli ya SGR kutoka dola kwenda yuan, ilipata riba nafuu, lakini pia ilijifunga kutafuta yuan wakati chai yake inauzwa kwa dola.

Kwa hiyo hatua za busara ni nne: kulinganisha sarafu ya mkopo na ya mapato, kugawa akiba bila kuharakisha, kukuza soko la hati za serikali kwa shilingi ili kukopa ndani, na kuimarisha malipo ya moja kwa moja ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hakuna inayosubiri kuanguka kwa dola, na zote zitafaa iwapo dola itabaki au itaondoka.