Ukili wa Jumamosi

Karibuni tena katika somo letu. Mlio katika vikundi vya kusikiliza, mwandishi wa kikundi na awe na kalamu na karatasi tayari, maana leo kuna hesabu kidogo. Na ninyi mlioketi peke yenu barazani au jikoni, karibuni vilevile. Najua ya kuwa baadhi yenu mnanisikiliza huku mikono ina kazi. Basi msiiache, endeleeni. Somo la leo ni la mikono hiyo.

Tutazungumza juu ya furaha ndogo ndogo za mwisho wa juma, za mtu afanyaye sanaa kwa mikono yake. Ningeweza kuchagua mchongaji, au mshona kofia, au mfinyanzi. Nimemchagua msukaji wa ukili kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yake haihitaji mashine wala karakana, bali majani, kisu kidogo, shazia, na mahali pa kukaa. Pili, kazi hii huyaacha masikio huru, hata mtu aweza kusuka na kusikiliza redio kwa wakati mmoja, jambo ambalo sisi wa redio hatuna budi kulipenda.

Yuko bibi mmoja wa mjini Pangani, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa hakuniomba nimtangaze. Kazi yake ya kila siku ni kuuza chai na maandazi karibu na kivuko, pale watu wanapongojea kuvuka mto kwenda Bweni. Tangu Jumatatu hata Ijumaa huamka saa kumi za usiku kukanda unga. Jumamosi huuza mpaka adhuhuri tu, kisha hufunga, huoga, hutandika jamvi chini ya mwembe uliopo nyuma ya nyumba, na kutoa fungu lake la ukindu. Wakati huo huuita “saa zangu.” Mtu akija kumwuliza habari za maandazi, huambiwa arudi Jumatatu.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Ukindu ni majani ya mkindu, mti wa jamii ya mitende uotao kwa mashina mengi pamoja, hasa kandokando ya mito na mahali penye majimaji. Majani yatakiwayo ni yale machanga, ambayo bado hayajafunguka. Hukatwa, hutawanywa, na kuanikwa juani siku kadhaa mpaka yapoteze ukijani wake na kuwa meupe. Hapa pana jambo la kuangalia sana. Mtende na ndugu zake wengi, mkindu ukiwamo, kila shina lina kilele kimoja tu cha kukulia. Ukikikata kilele, shina limekufa, halichipui tena. Kwa hiyo mkataji mwenye akili huchukua jani moja au mawili katika kila shina, akauacha moyo, akaenda shina jingine. Mwenye pupa hukomba yote, na mwaka wa pili hulazimika kutembea mbali zaidi, akilaumu jua.

Majani yakikauka huchanwa kwa upana mmoja. Kila kipande huitwa chane. Msiidharau kazi hii ya kuchana. Chane zikiwa nene kwa nyembamba, ukili utapinda kama nyoka, na hapana fundi awezaye kuunyosha baadaye. Bibi wetu hutumia ncha ya kisu, na kidole gumba chake ndicho rula. Wajukuu zake huchana pamoja naye, na zile wanazoziharibu hazitupwi, zatosha kufungia mboga.

Halafu rangi. Siku hizi watu wengi hutumia rangi ya unga ya dukani: maji huchemshwa, rangi hutiwa, chane huzamishwa na kugeuzwa mpaka zikolee, kisha huanikwa kivulini ili jua lisizifubaze. Tafadhali, chombo cha rangi kiwe cha rangi tu. Debe kuukuu lafaa. Sufuria ya wali haifai hata ikisuguliwa mara kumi. Lakini zamani rangi zilitoka porini na shambani. Weusi ulitoka kwenye mti uitwao mdaa, na umanjano ulitoka kwenye manjano hii hii ya mchuzi. Bibi huyu hupenda kujaribu rangi hizo za zamani. Jumamosi moja huchemsha magome ya mkandaa, Jumamosi nyingine huchanganya manjano na kitu kingine aone kitatokea nini. Mara nyingine hutokea rangi ya matope. Hucheka, akazitia chane hizo pembeni, na baada ya mwezi akagundua kuwa rangi ya matope ikikaa karibu na nyeupe hupendeza kuliko nyekundu ya dukani. Mambo haya hayagunduliwi na mtu aliyepewa saa moja amalize.

Baada ya rangi ndipo kusuka. Chane hulowanishwa kidogo zilainike, huanzwa chache, na nyingine huongezwa mpaka upana utakiwao. Zinapandana kwa mshazari, moja juu, moja chini, na chane ikiisha nyingine huingizwa mahali pake bila kuonekana kiungo. Utepe huo mrefu ndio ukili. Ukitosha, huwekwa ubavu kwa ubavu na kushonwa. Ukizungushwa kuanzia kitako, huwa kikapu. Ukipangwa sambamba, huwa mkeka.

Chukueni kalamu. Tuseme twataka mkeka wa urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 120, na ukili wetu una upana wa sentimita 5. Tunahitaji mistari 24, na kila mstari mita 2. Jumla mita 48 za ukili, bila kuhesabu kidogo kinachopotea katika mishono. Msukaji akisuka mita 2 kwa saa, hizo ni saa 24 za kusuka peke yake. Mwenye saa 4 Jumamosi na saa 4 Jumapili atasuka kwa majuma matatu kabla hajatia mshono wa kwanza. Ukikaribishwa mahali ukatandikiwa mkeka, kumbuka umeketi juu ya majuma ya mtu.

Bibi wetu hasuki mikeka tu. Husuka kawa za kufunikia chakula, vipepeo vya kupulizia moto, misala, na vikapu vidogo vya wajukuu kuwekea vifungo na kokoto. Jirani zake wawili huja na ukili wao, nao husuka na kuzungumza hadi magharibi. Akikosea hufumua. Akichoka huweka chini. Kwa siku mbili hizo hakuna mteja aliyesimama mbele yake akitaka chenji.

Basi ikatokea siku moja kijana mfanya biashara akapita, akaviona vikapu vimetundikwa ukutani.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

“Bibi, vikapu hivi nimevipenda. Nataka 40, vyote ukubwa mmoja na rangi moja, kwa miezi miwili. Nitakupa shilingi 5,000 kila kimoja.”

Bibi akamwambia arudi Jumamosi ya pili apate jibu. Nami namsifu kwa hilo, maana wengi wetu tukisikia neno “arobaini” husema ndiyo kabla ya kuhesabu.

Hapa nataka kusema jambo moja pembeni. Soko la vikapu si ndoto. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Watu wakarudia kwenda sokoni na vikapu. Kwa upande mwingine, mikeka ya plastiki ya kiwandani imejaa madukani, ni rahisi, huoshwa kwa maji, na nyumba nyingi zimeipokea. Msukaji wa leo amekaa kati ya milango hiyo miwili, mmoja unafunguka na mmoja unafungwa. Tena tukumbuke habari za kiondo cha Kenya. Katika miaka ya 1970 na 1980 kilinunuliwa sana Ulaya na Marekani. Kisha viwanda vya Asia vikakiiga, vikauza kwa bei ambayo mwanamke anayesokota katani kwa mkono hawezi kuifuata. Anayetaka vitu vingi, vyote sawasawa, kwa bei ya chini, mwisho wake humwendea mwenye mashine. Mkono hauwezi kushindana hapo, na sioni kwa nini ujaribu.

Turudi Pangani. Bei nitakazotaja ni za kufanyia hesabu. Kwenu zaweza kuwa nyingine. Kikapu kimoja, tangu kuchana hata kutia mikono, chamchukua bibi saa 6. Ukindu, rangi na kuni ni shilingi 1,500. Vikapu 40 ni saa 240. Yeye ana saa 8 kila mwisho wa juma. Gawanyeni: majuma 30. Kijana ametoa majuma 8 tu, yaani saa 64, ambazo zatosha vikapu 10 na kubakiza saa 4. Vikapu 30 vilivyobaki vingesukwa lini? Usiku, baada ya maandazi, na mwenye kuvisuka ni mtu aamkaye saa kumi.

Na fedha? Vikapu 40 kwa shilingi 5,000 ni 200,000. Toeni 60,000 za vifaa, zabaki 140,000. Zigawanyeni kwa saa 240, mtapata shilingi 583 na kidogo kwa saa.

Mwanawe wa kiume alikuwapo, naye alisema neno ambalo si la kupuuzwa. “Mama, bati la jikoni linavuja. Laki na arobaini ni mabati. Huo ukili wako wa Jumamosi haujatuezekea nyumba.” Bibi hakukasirika. Alijua kuwa linavuja, maana sufuria ya kukingia maji ameiweka yeye. Jirani mmoja naye alitoa shauri kwamba wagawane kazi watatu. Shauri zuri, lakini jirani huyo husuka kwa kulegeza mkono na bibi husuka kwa kukaza, na kijana alitaka vikapu vyote sawasawa. Wangeanza kwa urafiki wakamaliza kwa kufumuliana kazi.

Kijana aliporudi, bibi alimjibu hivi: “Mwanangu, nitakupa vikapu 10 kwa miezi miwili. Ukubwa nitaufuata wako. Rangi nitachagua mwenyewe. Kila kimoja shilingi 8,000, na ukindu wa kuanzia ulipie leo.” Kijana akasema bei hiyo haiwezekani, akaenda zake. Juma lililofuata akarudi na 7,500. Wakakubaliana, akatoa shilingi 15,000 za vifaa papo hapo, na bibi akamwandikia kijikaratasi cha hesabu.

Hesabuni tena. Vikapu 10 kwa 7,500 ni shilingi 75,000. Toeni 15,000, zabaki 60,000 kwa saa 60, yaani shilingi 1,000 kwa saa. Mapato kwa saa yamekaribia maradufu, lakini fedha nzima imepungua kwa 80,000. Nitasema kweli kuwa mwanawe hakuridhika, na hata leo nikipita pale huniuliza kama nami naona mama yake alifanya sawa. Mimi humjibu kwamba naona hivyo. Saa za usiku zina bei kubwa kuliko saa za mchana, na bei hiyo hulipwa na mgongo na macho, ila haiandikwi katika karatasi ya mnunuzi. Yeye hunijibu kuwa mvua nayo haisomi karatasi. Na jikoni kumetiwa bati moja tu, lile lililokuwa baya zaidi.

Jambo moja zaidi nililoliona. Vikapu vile 10 alivisuka kwa rangi ya mkandaa na nyeupe, na kwa saa 4 zilizobaki alisuka vipepeo viwili, hakuviuza, kimoja kipo kwenye meko yake na kimoja alimpa yule jirani wa mkono uliolegea.

Sasa kazi ya vikundi. Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja achague kitu kimoja akifanyacho kwa mkono, kiwe kofia, chungu, kikapu au kiti cha ukambaa. Aandike saa alizotumia tangu mwanzo hata mwisho, bila kusahau saa za kutafuta vifaa. Aandike gharama. Atafute thamani ya saa yake moja kama nilivyofanya hapa. Asiyejua kuandika na asaidiwe na jirani, kusema anajua. Kisha mjadiliane juu ya maneno ya yule mwana na jibu la mama yake, na kila mmoja aseme angejibu nini, pamoja na wale ambao paa zao zavuja. Mwandishi aandike majibu yote mawili, la walio wengi na la wachache.

Juma lijalo tutajifunza namna ya kuandika risiti na mapatano mafupi kati ya fundi na mnunuzi. Njooni na karatasi yenye mistari. Kwaherini.