Si kila joto ni malaria

Haya ni maneno ambayo sisi, kamati ya wamama, tulisema kwenye mkutano mkuu wa wanachama. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa ajili ya wafadhili wanaotusaidia kujaza sanduku la wagonjwa.

Wababa, tafadhali musitoke nje. Tunajua mukisikia "habari za wamama" munapenda kwenda kukaa chini ya mti. Leo mubaki, maana hii habari inalala nanyi kitanda kimoja.

Tunaanza na jambo lililotupata wenyewe. Mmoja wetu, anayekaa katika kamati hii hii, alianza kuamka usiku akiwa amelowa jasho. Kitenge kimelowa, shuka limelowa, moyo unapiga haraka. Asubuhi anamwambia mume wake: "Nasikia mwili inawaka." Mume anajibu: "Ni malaria, nenda dukani ununue dawa." Akanunua, akameza, akamaliza. Baada ya wiki mbili, joto tena. Akameza tena. Katika msimu mmoja alimeza dawa ya malaria mara nne, na hakuna aliyemtoboa kidole hata mara moja. Pesa ya mbegu za mihogo iliishia hapo. Mara ya tano alikuja kuomba sanduku la wagonjwa limsaidie, ndipo mama mmoja mzee akamuuliza: "Mwanangu, siku zako za mwezi zinakuja namna gani?" Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo.

Alipofika kituo cha afya walimpima malaria. Hakuna. Wakampima joto la mwili. Sawa kabisa. Kumbe mwili wake ulikuwa umeanza safari ya kuelekea ukomo wa hedhi. Waganga wanaita kipindi hicho perimenopozi.

Kwa nini wengi wetu hatukujua? Mwaka 1996 tulipovuka ziwa kwenda Tanzania, wengi wetu tulikuwa wasichana. Msichana aliyevuka akiwa na miaka 15 leo amepita miaka 40. Tulikulia kambini, Lugufu au Nyarugusu. Shangazi na bibi ambao wangetuambia mambo haya pembeni ya moto, wengine walibaki huku, wengine walikufa njiani, wengine waliwekwa kambi nyingine. Tuliporudi na meli hadi Baraka, kuanzia 2005, tulirudi na watoto na mabati, lakini mafundisho ya shangazi hayakuwa ndani ya mizigo.

Kuna jambo lingine. Wengi wetu hatujui miaka yetu vizuri. Kwenye karatasi ya posho tuliandikiwa tu tarehe 1 Januari na mwaka wa kukadiria. Sasa muganga akikuuliza "Mama, uko na miaka ngapi?" unamsomea karatasi, lakini moyoni unajua karatasi inadanganya. Njo maana leo tunasema: usitegemee miaka peke yake. Jifunze kusoma mwili wako.

Tueleze kwanza mambo yenyewe. Mtoto wa kike anazaliwa na mayai yake yote tumboni. Kila mwaka yanapungua. Yakibaki machache, homoni za kike, estrojeni na projesteroni, hazitoki tena kwa mpangilio. Leo ziko juu, kesho ziko chini, na huko kupanda na kushuka ndiko kunakoleta dalili nyingi. Ukikaa miezi 12 mfululizo bila kuona damu, na hakuna sababu nyingine, hapo ndipo tunasema umefika ukomo wa hedhi. Wanawake wengi wanafika hapo kati ya miaka 45 na 55. Lakini njia ya kufika inaanza mapema, kwa wengi ndani ya miaka ya 40, kwa wachache mwishoni mwa miaka ya 30. Kwa kawaida inachukua kama miaka minne. Kuna ambao inawachukua miezi tu, na kuna ambao inapita miaka minane. Anayevuta tumbaku anaweza kufika mapema kidogo. Aliyetolewa mifuko yote miwili ya mayai kwa upasuaji anafika mara moja.

Sasa, utajuaje kwamba umeanza?

Dalili ya kwanza kwa wengi ni siku za mwezi kuacha mpangilio wake. Zamani ulikuwa unaona damu kila siku 28 au 30. Sasa mwezi huu inakuja baada ya siku 22, mwezi ujao baada ya siku 38. Mara nyingi ni kidogo, mara nyingine ni nyingi. Baadaye unaruka mwezi mmoja, miwili. Ukiona umekaa siku 60 au zaidi bila damu, halafu inarudi, hiyo ni alama kwamba umesogea mbele katika safari.

Ya pili ni lile joto. Linaanza kifuani, linapanda shingoni na usoni, jasho linatoka, moyo unapiga, halafu unasikia baridi. Linakaa dakika chache tu, kisha linaondoka. Linaweza kurudi mara nyingi kwa siku, na usiku linakuamsha.

Ya tatu ni usingizi kukatika, hata bila joto. Unaamka saa nane za usiku, macho wazi mpaka jogoo awike.

Ya nne ni moyo. Hasira za haraka, machozi bila sababu, woga, kusahau mahali ulipoweka ufunguo. Sisi tuliopita vita tunasema upesi, "ni mambo ya zamani yanarudi." Inaweza kuwa hivyo, na inaweza kuwa vyote viwili pamoja. Lakini si wazimu, na si mtu amekuroga. Tumesikia mke mwenza akisingiziwa kwa ajili ya dalili hizi. Tuache. Na ukifika mahali unatamani kufa, usikae na neno hilo peke yako, mwambie mtu siku ile ile, na uende kituo cha afya.

Ya tano ni ukavu na maumivu wakati wa kukutana na mume, na kwenda kukojoa mara kwa mara au kwa haraka. Wengine wanaumwa viungo, magoti na mikono. Si lazima upate dalili zote. Kuna mama anapita bila kusikia kitu isipokuwa damu kuacha.

Wababa, hapa ndipo tunawaomba. Mke akisema anaumia, hajakukataa, na hana mwanaume mwingine. Mwili umekuwa mkavu kwa sababu homoni imepungua. Mwende polepole, muulizane. Yako mafuta maalum ya kulainisha, muganga anaweza kuwaelekeza. Kama munatumia kondomu, musipake mafuta ya mawese wala ya kupikia, yanaipasua. Na mama asiweke majani wala unga ndani ya uke, vinaleta vidonda.

Turudi kwenye malaria, maana ndiyo inayokula pesa zetu. Hatusemi kwamba mama mwenye miaka 45 hapati malaria. Anapata, na inaua. Tunasema: pima kwanza. Malaria inaleta homa ambayo kipima joto kinaiona, pamoja na kichwa kuuma, viungo, kutapika. Joto la kipindi hiki linapita na kipima joto hakionyeshi homa. Lakini kwa kuwa homa ya malaria nayo inaweza kupanda na kushuka, anayekata neno si wewe wala jirani, ni kipimo cha kutoboa kidole. Tena, jasho la usiku pamoja na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili na kukonda ni alama ya kifua kikuu. Hapo usingoje, peleka makohozi yapimwe.

Na kama damu haikuja, usikimbilie kusema "nimeshakoma." Kwanza pima mimba. Katika kipindi hiki yai bado linaweza kutoka mwezi wowote. Tunao kati yetu mama aliyegawa nguo zote za mtoto, akijua amemaliza, halafu akajikuta ana mimba huku binti yake naye ana mimba. Alipona, Mungu asifiwe, lakini mimba ya umri huo ina hatari nyingi zaidi. Waganga wanashauri kuendelea na mpango wa uzazi mpaka mwaka mmoja mzima bila damu kama umeshapita miaka 50, na miaka miwili kama hujafika 50. Wewe ambaye miaka yako ni ya karatasi ya posho, hesabu miwili. Na kama unatumia sindano ya miezi mitatu au vijiti vya mkononi, jua kwamba dawa hizo zenyewe zinaweza kusimamisha damu au kuivuruga. Kwa hiyo kukosa damu hakukuonyeshi kitu. Muulize muganga.

Kuna damu ambayo si ya kungoja hata wiki moja. Tunaomba muzishike alama hizi. Damu inayojaza kitambaa kila saa kwa saa kadhaa. Damu yenye mabonge makubwa, au inayopita siku saba kila mara. Damu inayokuja baada ya kukutana na mume. Na damu inayorudi baada ya kukaa mwaka mzima bila kuiona, hata kama ni tone. Wamama wengi wakiona hiyo ya mwisho wanafurahi, "nimerudi usichana." Hapana. Inaweza kuwa kitu kidogo, lakini inaweza kuwa kansa ya kizazi, na kansa ikionekana mapema ndiyo inayotibika vizuri. Pia mama ambaye hedhi inaacha kabla ya kufikisha miaka 40, aende achunguzwe.

Nyumbani tunaweza kufanya nini? Vaa nguo nyepesi unazoweza kupunguza. Lala penye hewa, lakini usitoke ndani ya chandarua. Angalia kama pilipili, kahawa, kasiksi au lutuku vinaamsha lile joto, uvipunguze. Tembea. Mifupa ya mwanamke inapungua nguvu kwa haraka hedhi inapokoma, na sisi tunaanguka na mitungi ya maji kichwani. Tunalo ziwa: kula ndagala nzima, na mifupa yake. Ongeza lengalenga na maharage. Dawa za homoni zipo, zinasaidia sana kwa joto na usingizi, lakini si rahisi kupatikana huku kwetu, na hazimfai kila mtu, kwa mfano aliyewahi kuugua kansa ya matiti au damu kuganda mshipani. Usinunue kwa kusikia tu.

Jambo moja kila mama anaweza kuanza leo, bila faranga hata moja. Kalenda ile inayoning'inia ukutani: siku damu inapoanza, weka msalaba. Siku inapokwisha, weka duara. Usiku wa joto, weka nukta. Asiyejua kuandika anaweza kuweka msalaba. Baada ya miezi sita, peleka kalenda hiyo kwa muganga. Itamwambia mengi kuliko ile tarehe 1 Januari.

Mwisho, maneno ya sanduku. Mkutano umekubali mambo mawili. La kwanza: mama akiomba msaada kwa ajili ya homa, sanduku linalipa kipimo kwanza, dawa baadaye. Wafadhili wetu, mukiona kwenye hesabu pesa za vipimo zimeongezeka, musishangae. Tunatumaini za dawa zitapungua. La pili: kila kikundi kichague wamama wawili waliokwisha kupita njia hii, ili mwenye aibu awe na mtu wa kumwendea.

Yule mwenzetu wa dawa mara nne, bado anaamka usiku mara nyingine. Lakini sasa anajua ni nini, na mume wake anajua. Anaamka, anakunywa maji, anaweka nukta kwenye kalenda, anarudi kulala.

Mama mkubwa uliyekaa pale nyuma, wewe uliyepita zamani ukanyamaza: jioni hii muite binti yako, umwambie.