Kubana kwa Govi na Sababu Zake





Kuona haya ni katika imani, lakini haya haimzuii mtu kujifunza mambo ya twahara na afya. Baba aonaye govi la mwanawe halifunuki, au mtu mzima aonaye lake limeanza kubana, yampasa ajue sababu kabla ya kutafuta dawa.

Mtoto azaliwapo, govi huwa limeshikana na hashafa. Hayo ni maumbile, si maradhi. Huachana kidogo kidogo kwa miaka. Mwaka 1968 Jakob Øster, daktari wa Denmark, alitoa habari za wavulana wa shule aliowapima. Wenye umri wa miaka 6 na 7, waliobanwa walikuwa kama 8 katika 100. Wenye miaka 16 na 17, kama 1 tu.

Basi alivutaye kwa nguvu, akidhani amsafisha mtoto, humchana. Kidonda hupona kwa kovu, na kovu ndilo libanalo. Hivyo maradhi huletwa pasipokuwa na maradhi. Paoshwe kwa nje tu, hata siku ya tohara ifike. Lakini mtoto akikojoa kwa taabu, au akitoka usaha, apelekwe kwa daktari. Na tundu la mkojo likiwa upande wa chini, asitahiriwe kabla daktari hajamwona, kwani huenda ngozi ile ikahitajiwa kumtengenezea njia.

Ama mtu mzima, khasa aliyesilimu ukubwani, govi lililokuwa likifunuka halafu likabana lina sababu yake. Huenda ni uvimbe urudio mara kwa mara. Huenda ni ugonjwa wa ngozi uifanyao nyeupe na ngumu. Huenda ni kisukari: sukari iliyomo katika mkojo hustawisha kuvu, ngozi hupasuka, ikapona kwa makovu. Kwa nadra, saratani hujificha chini yake.

Mengine hutibiwa kwa dawa ya kupaka aiandikayo daktari, na mengine kwa tohara. Lakini atahiriwaye pasipo kupimwa sukari, govi humwondoka na kisukari kikabaki naye, na kidonda chake huenda kikachelewa kupona.

Tena, govi lililovutwa nyuma likakwama, hashafa ikavimba, ni jambo la hospitali saa ile ile, wala si la kungojea asubuhi.

Asiyeuliza kwa haya hujidhuru mwenyewe, na baba asiyeuliza humdhuru mwanawe.